Sado ya Kibirizi na hasara ya nafsi

Shangazi yangu ana meza ya dagaa Kibirizi, mwendo mfupi kaskazini mwa bandari ya Kigoma. Mitumbwi ikirudi alfajiri hununua beseni mbili tatu, huwaanika juani, na jioni huwapima kwa sado. Nimemkuta kwenye kazi hiyo tangu nipate akili. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye dagaa hao. Jumapili moja alitoka ibadani akapitiliza kwangu hata kabla ya kwenda kubadili nguo, akaketi kwenye kigoda barazani, akasema: "Baba, mhubiri leo katuambia itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote. Anasema tumezidi kuhangaikia mali. Sasa mimi nifunge meza?"

Nikamjibu upesi, kama tunavyowajibu wakubwa wetu tukidhani wamekuja kutafuta faraja. "Hapana, shangazi. Mungu hana ugomvi na meza yako."

Akanitazama kidogo. "Basi lile neno lina kazi gani?"

Nafundisha darasa la Biblia huku Mwanga, mjini Kigoma, kwa miaka kadhaa sasa, na sikuwa na la kumwambia. Akaaga, akaenda zake. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Limekuwa refu kwa sababu maneno yenyewe yamefungana: kujikana, msalaba, ulimwengu, nafsi. Ukifungua fundo moja vibaya, unayakaza mengine.

Niliporudi kwenye Marko 8 nilishtuka kuona ni lugha ya sokoni tupu. "Kwa kuwa itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote, akipata hasara ya nafsi yake? Ama mtu atoe nini badala ya nafsi yake?" Faida, hasara, badala. Kigiriki kilicho nyuma yake nacho ni cha wachuuzi: kerdainō ni kupata faida, zēmioō ni kutiwa hasara, na antallagma ni kile unachokitoa mkononi ili upewe kingine. Aliyesema maneno hayo hakuwa anawabeza wafanyabiashara. Aliwataka wapige hesabu mpaka mstari wa mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kuuza kitu Kibirizi anajua kwamba mauzo na faida ni vitu viwili. Unaweza kumaliza magunia 10 ukarudi nyumbani umekula mtaji. Yesu anauliza habari za mtaji. Mtu kauza sana, kauza mpaka dunia nzima imekuwa yake, halafu anafungua kibubu anakuta kilichotumika kuinunulia ni yeye mwenyewe.

Paulo aliisikia hesabu hiyo vizuri. Katika Wafilipi 3 anafungua daftari lile lile, upande wa faida na upande wa hasara, kwa maneno yale yale ya Kigiriki, na anaanza kuhamisha vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiisoma orodha yake taratibu utaona jambo ambalo mahubiri mengi yanalipita: hakuna senti hata moja ndani yake. Kuna kutahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Ufarisayo, bidii, sifa ya mtu asiye na lawama. Vyote ni vitu vya heshima. Kwa hiyo hata maskini asiye na meza wala dagaa anayo mali ya kuhesabia hasara, na tajiri anaweza kugawa pesa zake zote akabaki ameikumbatia ile mali nyingine, ya jina lake.

Hapo tunalifikia neno kujikana lenyewe.

Lilisemwa njiani, kwenye vijiji vya Kaisaria Filipi, na lilisemwa kwa sababu ya Petro. Alikuwa ametoka kumkiri Yesu kuwa ndiye Kristo. Aliposikia kwamba Kristo huyo atakataliwa na kuuawa, akamchukua kando, akaanza kumkemea. Akaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Wengi wetu tunasikia hapo mtu akifukuzwa. Lakini sentensi inayofuata, ile ya "Mtu ye yote akitaka kunifuata na ajikane mwenyewe", kwa Kigiriki ina maneno hayo hayo: mtu akitaka kuja nyuma yangu. Petro alikuwa amepita mbele ili amwelekeze bwana wake njia, akarudishwa mahali pa mfuasi. Nyuma.

Na kitenzi cha kukana kinarudi sura chache baadaye, usiku, katika ua wa kuhani mkuu. Kiswahili kimetufanyia hisani hapa kwa kuacha neno likiwa moja: "utanikana mara tatu." Petro anaapa, "Simjui mtu huyu mnayemnena." Ukitaka kujua maana ya kukana, itazame hapo moto ulipokuwa ukiwaka. Kumkana mtu ni kusema simjui, hanihusu, akisema kitu hakinifungi. Basi kujikana ni kumwambia maneno hayo yule "mimi" aliyezoea kusema la mwisho nyumbani kwangu. Anasema ametukanwa, lazima nilipize, namwambia simjui. Anasema wenzake wote wamejenga, yeye je? Namwambia simjui. Petro usiku ule alikuwa na watu wawili wa kuchagua amkane yupi, naye akamkana aliye na pingu.

Kosa letu kubwa ni kuyaweka pamoja kujikana na kujinyima. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kibirizi ilikuwa kimya. Shangazi alikaanga maandazi miezi ile, na wavuvi niliowajua walirudi vijijini kulima. Huko kulikuwa kujinyima hasa, tena kwa akili. Lakini kila mmoja alijua mwisho wake: ziwa litafunguliwa na nyavu zitajaa. Unaacha kidogo leo ili kesho upate zaidi, na anayeacha leo na atakayepokea kesho ni mtu yule yule. Mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani anajinyima, mama anayeweka hisa kwenye kikoba anajinyima, hata mwizi anayeotea usiku kucha kwenye baridi anajinyima. Kujinyima ni chombo. Hakijakwambia bado kiko mikononi mwa nani.

Ndiyo maana nabii Isaya, katika sura ya 58, anawageukia watu waliofunga. Walifunga kweli, na siku hiyo hiyo wakawalemea vibarua wao na kupigana ngumi. Tumbo lilikuwa tupu, "mimi" alikuwa ameshiba. Paulo naye anawaandikia Wakolosai kwamba kuutesa mwili kwa ukali kunaonekana kama hekima ilhali hakusaidii kuzizuia tamaa, na kwa Wakorintho anafika mbali zaidi: mtu anaweza kugawa mali yake yote na kuutoa mwili wake, na bila upendo asifaidiwe kitu. Kwaresima, saumu, sadaka, kukesha, vyote ni vyema. Nimefunga na nitafunga tena. Ila mtu asijipime ujikanaji wake kwa njaa aliyoisikia.

Kuna fundisho jingine linalozunguka sana siku hizi, kwenye mikutano ya hadhara na kwenye simu, la kupanda mbegu: toa elfu 10 kwa mtumishi, Mungu atakurudishia laki. Huko sioni kujikana wala hata kujinyima. Ni kumkopesha Mungu kwa riba. Nimeona mama wa mtaani kwetu akitoa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, amepigiwa hesabu hiyo na mtu aliyekuja na gari. Neno la Marko 8 halimpi mtu yeyote ruhusa ya kusimama mbele ya watu akawaambia wajikane ili yeye apate.

Fundo la nafsi ni gumu zaidi, na hapa Kiswahili chenyewe kina mkono wake. Shuleni tulifundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu: mimi, wewe, yeye. Mitaani tunasema nafsi imemsuta, nafsi haijaridhia. Na sisi wa Kigoma tuna majirani Waislamu, Ujiji zaidi, na kwao neno nafsi limebeba mafunzo mengine: Kurani inataja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia, na mahubiri ya Ramadhani yanahimiza kupambana na nafsi. Kwa hiyo mtu wa hapa anapofungua Marko akaambiwa aiokoe nafsi, kichwani ana sauti nyingine inayomwambia aipige vita. Kisha anaambiwa ajikane mwenyewe. Aiokoe au aikane?

Neno la Kigiriki ni psyche, na nyuma yake kuna la Kiebrania, nefesh, ambalo mizizi yake inagusa koo na pumzi. Ni uhai wa mtu, mtu mzima anayepumua, anayetamani, anayeitwa kwa jina. Biblia Habari Njema imetumia "maisha" pale ambapo tafsiri ya Muungano ina "nafsi", na zote mbili zina haki. Tatizo linakuja tukidhani nafsi ni kitu kidogo cheupe kilichofichwa kifuani, kisichohusika na meza ya dagaa, kitakachoshughulikiwa siku ya mazishi. Luka 12 inalikanusha wazo hilo. Yule tajiri aliyevunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe, ifurahi. Mungu anamjibu kwamba usiku huo huo wanaitaka roho yake. Kwa Kiswahili ni maneno mawili, nafsi na roho. Kwa Kigiriki ni psyche pande zote mbili. Na kitenzi kilichotafsiriwa "wanataka" ni cha mtu anayedai kurudishiwa kitu chake alichoazima. Tajiri alikuwa anaongea na nafsi kama mwenye mali anavyoongea na mali yake, kumbe ameazimwa.

Kwa hiyo jibu la fumbo ni hili. Ninayemkana ni yule mimi anayejidai kuwa mwenye nyumba. Ninachookoa ni ile nafsi aliyonipa Mungu, ambayo yule mdai wa uongo angeiuza kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana Yesu huyo huyo anaweza kusema umpende jirani yako kama nafsi yako bila kujipinga. Mtu anayezunguka akisema mimi si kitu, mimi ni takataka, bado anajitazama yeye tu. Amegeuza kioo, hajakiweka chini.

Ulimwengu nitaupita haraka. Yohana anaandika kwamba Mungu aliupenda ulimwengu, na waraka wa Yohana unasema msiipende dunia. Kigiriki ni neno moja, kosmos. Waraka wenyewe unafafanua katika mstari unaofuata: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, kiburi cha uzima. Ziwa halimo kwenye orodha. Dagaa hawamo.

Niliyoyaandika mpaka hapa mtu angeweza kuyaandika popote. Lakini swali la "mtu atoe nini badala ya nafsi yake" lina uzito wa pekee kwetu tunaoishi mwisho wa reli, tangu kabla hata ya reli kufika. Ujiji na Tabora zilikuwa masoko ya pembe za ndovu na ya watu. Misafara ilishuka kutoka ng'ambo ya ziwa, ikapumzika Ujiji, ikapita Tabora kuelekea pwani, na watu wakabadilishwa kwa nguo, shanga, bunduki. Wamisionari wa London walipofika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, mwezi Januari 1879, walikuta mji ambao psyche ilikuwa na bei. Mtu angeweza kukuonyesha kwa kidole "badala" ya nafsi fulani ilikuwa nini: doti kadhaa za kaniki. Zaburi ya 49, ambayo maneno ya Marko yanaiitikia, inasema hakuna mtu awezaye kumlipia ndugu yake fidia mbele za Mungu kwa sababu gharama yake haifikiki. Soma zaburi hiyo chini ya miembe ya Ujiji, kwenye njia waliyopitishwa watu wale, uone kama itabaki mashairi tu. Anayesema nafsi moja ina thamani kuliko ulimwengu wote anasema pia kwamba kila bei iliyowahi kutajwa pale ilikuwa uongo.

Adrian Atiman aliyajua haya mwilini mwake. Alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu kwenye mwambao huu huu wa Tanganyika, akawa tabibu na katekista. Akaoa huko, na mmoja wa wanawe akawa padre. Alibaki Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, kijiji kimoja. Nikimfikiria, kinachonigusa ni kwamba mtu aliyewahi kuwa na bei hakutumia uhuru wake kujiongezea bei.

Lakini sitaki tuishie kwenye mifano mizuri, maana kujikana kuna upande ambao hausemwi kanisani.

Kila mtoto wa Kigoma amepelekwa Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na mmisionari David Livingstone mwaka 1871, na aliyefika Tabora ameonyeshwa tembe la Kwihara walikokaa. Livingstone alidhoofika, aliugua, alikosa dawa, na akakataa kurudi kwao. Akafa mwaka 1873 akiwa magotini, kama walivyosimulia watu wake waliomkuta. Mwaka 1857, akizungumza na wanafunzi wa Cambridge, alisema hajawahi kutoa dhabihu yoyote. Kwamba kazi yake ni heshima aliyopewa, na neno dhabihu halifai. Ni maneno mazuri, na naamini aliyamaanisha.

Sasa mtazame Mary, mkewe. Mwaka 1852 alipandishwa meli na watoto kwenda Uingereza, akaishi huko kwa miaka ya dhiki, bila nyumba yake mwenyewe, akimngoja. Aliporudi Afrika kumfuata mume, homa ikamuua Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Watoto walikua wakimjua baba yao kwa barua. Livingstone angeweza kusema hajatoa dhabihu, na huenda alisema kweli kuliko alivyojua, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Simhukumu. Namheshimu mtu aliyeyaandika kwa uchungu yale aliyoyaona kwenye biashara ya watumwa. Ila naliweka wazi kwa sababu tunao wengi wa namna hiyo: mzee wa kanisa asiyekosa kikao hata kimoja na watoto wake wamefukuzwa ada, mwinjilisti anayefunga siku 40 huku mkewe akizunguka kukopa unga.

Neno lenyewe ni kali juu ya hili na tunalisoma kwa haraka mno. "Ajikane mwenyewe." Kiambishi cha -ji- kimekaa pale kama mlinzi mlangoni. Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumkana mwenzake. Mwanamke anayepigwa na mumewe akaenda kwa viongozi akaambiwa, "Vumilia, mwanangu, huo ndio msalaba wako," ameibiwa neno la Mungu. Aliyetakiwa kujikana katika nyumba ile ni mwenye fimbo. Kijana anayefanya kazi ya taasisi ya dini miezi 8 bila mshahara, akiuliza anaambiwa ajifunze kujitoa, naye ameibiwa. Ukisikia mtu anahubiri kujikana, tazama kwanza nani ataamka kesho ana unafuu.

Na msalaba. Tumeufanya jina la kila usumbufu: malaria ni msalaba, mwajiri mgumu ni msalaba, mvua kuchelewa ni msalaba. Watu waliomsikia Yesu waliwahi kuona misalaba ya Kirumi. Aliyejitwika ule mti alikuwa akitoka mjini asirudi. Mipango yake ya mwaka kesho ilikuwa imekwisha. Luka anaongeza maneno mawili, "kila siku", na hapo jambo linageuka, kwa sababu hakuna awezaye kufa kwa kishindo kila siku. Kinachowezekana kila siku ni kidogo, hakina shahidi, na kinarudi kesho yake asubuhi.

Sisi tunapenda kinachotisha. Wamoraviani, waliopokea kazi ya misheni ya Urambo, upande wa Tabora, mwaka 1898, wana wahenga wao wawili, Leonard Dober na David Nitschmann, waliotumwa mwaka 1732 kwenda St. Thomas katika visiwa vya Karibi kuhubiri kwa watumwa. Husimuliwa sana kwamba walijiuza wenyewe utumwani ili wawafikie. Hawakujiuza. Walikuwa tayari hata kwa hilo, lakini ukweli ni kwamba Nitschmann alikuwa fundi seremala, na useremala ndio uliowalisha. Simulizi la kujiuza linatia machozi. La randa na msumeno halitii, na ndilo lililotokea.

Sasa meza ya shangazi. Je, aifunge?

Injili inajibu kwa namna ambayo haimpi mtu kanuni moja ya kubeba mfukoni. Yule tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze vyote. Lawi aliondoka kwenye meza yake ya ushuru. Petro na Andrea waliacha nyavu. Lakini watoza ushuru waliomwendea Yohana Mbatizaji hawakuambiwa waache kazi. Waliambiwa wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Wanawake wa Luka 8 walibaki na mali zao na wakawahudumia Yesu na wanafunzi kwa mali hizo. Na Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, tajiri, alisimama akasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemwagiza hivyo. Kila mmoja aliguswa pale ambapo "mimi" alikuwa amejificha. Kwa yule tajiri wa Marko 10 ilikuwa mali yote, na alipoguswa alikunja uso akaondoka, ndipo ikajulikana nani alikuwa anammiliki nani. Wengine wameitwa kuacha yote, na masista wanaohudumia wagonjwa Ndala au Kabanga ni ushahidi wa kutosha kwamba wito huo haujaisha. Mtu asimsingizie Mungu kwamba hamwiti mtu hivyo tena, kwa kuogopa zamu yake.

Niliyabeba haya yote nikaenda Kibirizi jioni moja, wiki mbili baada ya lile swali. Mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi wengi hawakuwa wametoka, na meza ilikuwa na dagaa wa siku za nyuma. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikaanza na Zakayo. Sikufika kwenye mara nne. Shangazi aliichukua sado yake, akaipindua, akanipa. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa moto kikaingia ndani; nilipotia mkono, kidole changu kilizama kwa nje mpaka kwenye pingili ya pili. Ukiitazama kwa juu ikiwa imejaa na ina kichungu cha dagaa, hujui.

"Pale nilipoinunulia zote ziko hivi," akasema. "Hapa ufukweni zote ziko hivi. Ndiyo hii anayoisema?"

Nilikaa na ile sado mapajani. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilipimwa humo. Nilimwambia ndiyo, shangazi, nadhani ndiyo hii.

Alitafuta nyingine, ya rangi, kitako kimenyooka, akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka harufu ikaisha. Wenzake wa meza za jirani walimjia juu: kama bei ni ile ile na kipimo chako kinazidi, unatuambia sisi ni wezi? Mmoja hamsalimii mpaka leo. Gunia lile lile sasa linatoa sado chache zaidi, na faida yake imepungua kwa kiasi anachokihisi kila Jumamosi akihesabu. Mhubiri hajui lolote.

Kuhusu mara nne, alinisumbua nalo zaidi ya nilivyotarajia. Wateja wa ufukweni hawakumbuki, ni wapita njia. Lakini kuna mama ntilie Tabora, karibu na stesheni, ambaye kwa miaka 6 amekuwa akiagiza kwake kila mwezi, na kila mara alipimiwa kwa sado ile. Tulikaa na kalamu. Ukichukua mizigo yote ile na kuizidisha mara nne, meza ingekwisha na nyumba ingefuata. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema atatuma alichonacho. Alijaza gunia moja mpaka juu, akalishona mwenyewe kwa kamba ya katani, mimi nikaandika jina na Tabora kwa kalamu ya wino mzito, likapanda treni.

Siku ya tatu simu ikaita. Nilikuwepo. Mama wa Tabora alisema amepokea mzigo ambao hakuagiza, tena haukuja na bei. Shangazi akamwambia anajua, na akamweleza ile sado ilivyokuwa, kitako chake na miaka yake, bila kufupisha. Upande wa pili ukawa kimya kiasi kwamba shangazi aliitoa simu sikioni kutazama kama imekatika. Haikuwa imekatika. Baadaye wakaanza kuongea habari za mvua, na bei ya mchele.